Safari ya kaburi la bibi mkubwa: Tabata hadi Kyaka na kurudi

17 Julai, Tabata

Nianze na Bibi maana bila yeye nisingetoka Dar mwezi huu, kazi zimebanana, mimi ni fundi simu pale Kariakoo na Julai watu wanaleta simu zilizokanyagwa na zilizoingia maji kama vile wamepanga. Jioni kaniita ukumbini, kafungua kile kimkoba chake cha plastiki anachoficha chini ya godoro na sote tunajua anakificha pale, katoa hela zimefungwa na raba bendi. "Mume wangu, hii ni ya saruji. Nenda kamjengee mama yangu."

Anaponiita mume ujue kuna kazi nzito inakuja.

Nilijua kwamba mama yake, sisi tunamwita bibi mkubwa, alikufa kwenye vita ya Amini. Sikuwahi kujua zaidi ya hapo. Kwetu habari hiyo ilikuwa haiulizwi, ukiuliza unaambiwa kalete maji. Leo kanisimulia mwenyewe huku anachambua mchele, hakuniangalia hata mara moja.

Kijiji chao kiko ng'ambo ya mto Kagera, upande wa Uganda wa mto lakini ndani ya Tanzania, na hapo ndipo watu wa Dar tunapochanganyikiwa. Mpaka ni mstari walionyoosha wakoloni kwenye nyuzi moja kusini mwa ikweta, wenyewe hawajafika, na mto unapita chini yake umejikunja kunja. Kile kipande cha katikati, kama kilomita za mraba 1,800, ndicho Amini alichosema ni chake. Tarehe 30 Oktoba 1978 wakaingia askari wake kama 3,000, upande wetu kulikuwa na wachache tu, nguvu kubwa ya jeshi ilikuwa kusini huko mpaka wa Msumbiji.

Bibi alikuwa na miaka 19 na mtoto mgongoni, huyo mtoto ndiye baba yangu. Mabomu yalipoanza kulia watu wote wakaelekea darajani Kyaka. Nyumbani kulikuwa na baiskeli moja na bibi mkubwa alikuwa na miguu mibovu, ilivimba, hatembei hatua kumi. Na kulikuwa na gunia la kahawa.

Hapo Bibi alinyamaza muda mrefu akachambua mchele uleule aliokwishauchambua.

Bibi mkubwa mwenyewe ndiye aliyesema pakieni kahawa, mtakula nini huko mnakokwenda, mimi mtanikuta. Wakamwachia kibuyu cha maji na ndizi za kuchemsha zimefunikwa na jani, wakamwambia tunarudi kesho. Walirudi Machi.

Mimi miaka yote nilidhani Bibi hanywi kahawa kwa sababu ya presha.

18 Julai, bado Dar

Kutwa nzima kutafuta tiketi na kumalizia simu za watu. Jioni nikapita kijiweni kumuaga Mzee wa nyumba ya tatu, mtaa mzima unamwita Afande, mstaafu wa jeshi, alipigana vita hiyohiyo. Kila mwaka tarehe 25 Julai anavaa koti lenye medali na kukaa mbele ya TV ya duka. Nikamwambia naenda Kyaka. Akasema "Vizuri. Nisalimie daraja." Nikamuuliza na Mutukula, pale mpakani, vipi, akasema kahawa imepoa akainuka. Kahawa haikuwa imepoa.

Vijana wa kijiweni wao wakaanza vichekesho vya Amini, si unajua, yule aliyetaka wapigane ngumi ulingoni na Mwalimu halafu refa awe Muhammad Ali. Na mimi ndivyo nilivyomjua, kwa klipu. Tunacheka jamaa lina medali mpaka kwenye kitambi. Leo nilicheka nusu.

19 na 20 Julai, barabarani

Stendi ya Magufuli, Mbezi, saa kumi na moja alfajiri, baridi ya Julai ile ambayo watu wa Dar tunavaa makoti kama tuko Makete. Sitawachosha na basi. Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, ukishapita Kahama makalio hayana tena uhusiano na wewe. Zaidi ya kilomita 1,400, usiku kucha tunatembea, AC iliyoandikwa ubavuni mwa basi ilikuwa ni maandishi tu, na mama mmoja nyuma yangu ana kuku kwenye kikapu aliyekuwa anawika saa nane usiku akidhani taa za malori ni asubuhi.

Biharamulo kulipambazuka. Kuanzia Muleba migomba inaanza kukuzunguka pande zote na hewa inabadilika. Hapo konda akasema bila kuulizwa, huko ndio Kaboya walikolala askari wetu wa vita ya Amini. Watu wakageuza shingo. Mzee wa kiti cha mbele akavua kofia.

Nikawaza, sawa, wanajeshi wana Kaboya. Bibi mkubwa yuko wapi? Nyuma ya nyumba, chini ya migomba, pamewekwa mawe manne. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba raia kama 1,500 waliuawa kile kipande kilipotekwa, sijawahi kuona ukuta wenye majina yao.

Nimelala Bukoba gesti, nimekula ndizi na samaki, mambo mengine sina nguvu ya kuandika.

21 Julai, Kyaka

Kutoka Bukoba ni mwendo wa saa moja na kitu, hiace imejaza mpaka konda anasafiri nje nusu. Nilikuwa na picha kichwani kwamba Kyaka patakuwa pamenyamaza, kumbe ni mji wa kawaida tu, bodaboda, mahindi ya kuchoma, spika ya duka inatangaza vocha.

Baba mdogo alikuja kunipokea, "Nyegera waitu!", akanicheka koti. Tukaenda kwanza mtoni.

Mto Kagera si mzuri. Nasema ukweli wangu. Maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda kasi bila kelele, na matete pembeni. Nikatoa simu nipige picha ya daraja baba mdogo akanishika mkono, daraja halipigwi picha, utaenda kueleza polisi. Basi tukasimama tu. Akanionyesha kwa kidevu, la zamani walilivunja kwa baruti tarehe 3 Novemba 1978, wenyewe Waganda, maana ndege zao zilirusha mabomu zikalikosa, ikabidi waite mtaalamu wa kulipua wa migodi ya Kilembe. Yaani mpaka wa baruti walimwazima mgodini.

Hesabu yake ni hii na sikuwahi kuiwaza nikiwa Dar. Tarehe 30 wameingia, tarehe 1 Novemba redio yao inatangaza kwamba kipande hiki ni cha Uganda na Amini anajisifu kateka kwa dakika 25, tarehe 2 Mwalimu anatangaza kwenye Redio Tanzania uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo, tarehe 3 daraja linaanguka. Maneno ya Mwalimu kila mtu anayajua kwa moyo, hata watoto wa shule. Lakini kwa mtu aliyekuwa ng'ambo na miguu mibovu, siku daraja lilipoanguka ndio mlango ulifungwa. Waliochelewa walivuka kwa mitumbwi, wengine walijificha kwenye matete na vichaka, ng'ombe wakasombwa kwa maelfu kwenda Uganda, kiwanda cha sukari kikaporwa, mpaka mabati ya nyumba.

Bibi alikuwa ameshavuka. Anasema alisikia mlipuko akiwa upande wa huku, hakujua ni nini, aliyemwambia ni mwanamke aliyekaa chini barabarani akaanza kuhesabu watu wake kwa vidole, anarudia, anarudia, vidole havitoshi.

Kilimani kuna gofu la kanisa lililopigwa wakati ule. Kuta zimesimama, paa hakuna, majani yameota ndani. Mbuzi walikuwa wanakula kwenye sehemu ya madhabahu. Baba mdogo akawafukuza halafu akasema waache tu.

22 Julai, kijijini

Hapa ndipo nilipokuja.

Kibanja kizuri aisee. Migomba imepandwa mpaka mlangoni, kahawa imeanikwa uani kwenye majamvi, nyekundu nyingine imeanza kuwa nyeusi, na harufu yake si ya kahawa unayoijua, ni kama tunda linaloanza kuchacha. Nikaambiwa nipite pembeni nisikanyage. Nikawaza gunia.

Kaburi liko nyuma. Mawe manne kweli, na mmea wa omulamula, hawa ndugu zetu wanaupanda kwenye mipaka na makaburini. Mama mdogo wake baba, mdogo wake Bibi, ndiye aliyebaki anayekumbuka. Wakati ule alikuwa binti mdogo. Akanisimulia akiwa amesimama, hakutaka kiti.

Walirudi Machi 1979, jeshi letu lilikuwa limeshawaondoa Waganda na watu wakaruhusiwa kurudi. Hakuna mlango, hakuna paa, kibanja kimejaa magugu hujui pa kupita. Nyumba ilichomwa. Na msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, wa Novemba ulikuwa umepita hakuna mtu wa kuwaokota, anasema hicho ndicho kilichomliza yeye kama mtoto, kwamba senene walianguka bure. Watu wazima walilia kingine.

Bibi mkubwa walimkuta mlangoni. Kilichobaki chake. Kigoda kilikuwa nje hakikuungua, kibuyu kilikuwa kimevunjika. Wakabishana, mpaka leo wanabishana: alikuwa anatoka au alikuwa anaingia? Kama alikuwa anatoka, maana yake alikuwa ndani nyumba ilipochomwa akajivuta. Kama alikuwa anaingia, maana yake alikuwa amekaa nje kwenye kigoda chake, akawaona wanakuja, akajaribu kuingia ndani kujificha. Mama mdogo anasema anatoka. Bibi yangu maisha yake yote hajasema lolote.

Fundi akaja mchana na kijana wake, saruji mifuko sita, mchanga, tofali za kuchoma. Kazi anaijua. Tatizo likaja kwenye bango, kile kibao cha juu. Ana daftari lake ameandika mistari: JINA, KUZALIWA, KUFA. Jina sawa. Kuzaliwa hakuna anayejua, tukasema weka mstari. "Kufa?" Kimya. Akauliza tena kwa upole, maana akishachonga hakuna kufuta.

Mama mdogo akasema Novemba. Baba mdogo akasema huna uhakika, labda ni tarehe 30 yenyewe, labda aliishi wiki mbili kwa ndizi za majirani. Majirani gani, walikuwa wamekimbia. Basi wakapandishana sauti pale juu ya kaburi, fundi ameshika penseli, mimi nikapanda kwenye kichuguu kutafuta mtandao nikampigia Bibi Dar.

Nikamweleza. Nilisikia kule nyuma yake muuza maji anapita na honi ya baiskeli. Akasema "Mwambie fundi aandike siku tuliyoondoka."

Nikasema Bibi, hiyo sio siku aliyokufa.

"Najua mume wangu. Aandike hiyo."

Fundi akaandika. Nimepiga picha kumi na nne, nimetuma tatu, nyingine zimekataa kwenda.

23 Julai, Mutukula

Hii siku haikuwa kwenye ratiba. Ni kilomita kama thelathini tu kutoka Kyaka na nilitaka niuone huo mpaka, nikishauona nirudi Dar.

Mutukula ya leo ni malori, foleni, kituo cha pamoja cha forodha, vijana wa kubadilisha hela wanakuvuta shati. Sina pasi kwa hiyo niliishia upande wetu, kwenye kibanda cha chai. Mwenye kibanda akamtambulisha bibi mmoja muuza ndizi anayevuka kila siku kutoka upande wa pili, Kiswahili chake kimechanganyika na Kiganda. Akaniuliza umetoka wapi, nikasema Dar es Salaam, akasema, anacheka lakini macho hayacheki, "Aah, nyie ndio mlikuja na tingatinga."

Sikumwelewa. Mwenye kibanda akajifanya anapuliza moto.

Ndio nikasimuliwa, na baadaye nikakuta habari ni ileile iliyoandikwa. Januari 1979, tarehe 21 na 22, jeshi letu lilivuka likateka Mutukula ya Uganda. Askari walikuwa wameshapita Kyaka, wameona waliyoyaona. Wakaubomoa mji wote kwa matingatinga, nyumba moja moja, na raia wakauawa. Waliokuwa na miguu walikuwa wameshakimbia. Waliokutwa ni wazee. Mwalimu alipopata habari alishtuka sana akatoa amri askari wasiguse raia wala mali zao, na huko mbele hadi Kampala ilipoanguka Aprili watu wakawaita Wakombozi, jina zuri kabisa na wengi wanalisema kwa heshima mpaka leo. Huyo bibi pia alilisema. Alilisema na jina la jjajja wake, babu au bibi kwa Kiganda, palepale, kwenye sentensi moja.

Nilinunua ndizi ambazo sikuzihitaji. Hakutaka nimwongezee hela.

Mimi nimesoma Tanzania, nimejibu maswali ya vita ya Kagera kwenye mtihani, sababu tano na matokeo matano. Hili halikuwepo kwenye sababu wala kwenye matokeo. Matokeo tuliyokariri ni kufunga mkanda miezi 18, foleni za sukari na sabuni. Nimekasirika, sijui hata namkasirikia nani.

24 Julai

Basi. Nimelala njia nzima. Kuku hakuwepo.

25 Julai, Tabata

Nimeshuka Mbezi alfajiri, daladala, nyumbani, nikaoga. Bibi ameangalia picha kwenye simu yangu, anakuza kwa vidole viwili, anakuza mpaka inakuwa ukungu. Akasoma ile tarehe kwa sauti. Akasema kazi nzuri, saruji wameipiga vizuri, hawakuiba.

Halafu akasema twende nje kuna jua.

Kijiweni TV ya duka ilikuwa imewashwa, Siku ya Mashujaa, Afande na koti lake, medali zinang'aa. Kwenye gwaride ni utaratibu wa kila mwaka, Rais anaweka mkuki na ngao, mkuu wa majeshi anaweka sime, balozi shada la maua, meya upinde na mshale, wanajeshi wa zamani shoka. Bibi hajawahi kuja kijiweni tarehe hii. Watu wakampisha kwenye benchi.

Nikamletea Afande salamu za daraja. Akacheka. Nikasema na Mutukula nilifika.

Akaangalia TV kidogo. Halafu akaanza, sauti ya chini, na sidhani alikuwa ananiambia mimi. Akasema tulivuka na hasira mwanangu. Kyaka tuliikuta imenuka. Watoto wadogo wa miaka ishirini, tumeona ng'ombe na watu wamelala pamoja. Tukaambiwa songeni mbele. Tingatinga liliingia asubuhi. Kulikuwa na nyumba moja ya udongo kando ya barabara, kwenye mlango kuna mzee. Akasema "kuna mzee" mara mbili halafu akavua kofia akaiweka magotini, akawa anaisugua ukingo.

Vijana wakaacha kuongea. Muuza kahawa alikuwa amefika na birika lake, anagonga vikombe vile, ngli ngli ngli, hakuna aliyemwita.

Bibi akamgeukia. Kwa adabu kabisa, kama anamuuliza mtu bei ya vitunguu.

"Baba, huyo mzee alikuwa anatoka au alikuwa anaingia?"

Afande hakuuliza kwa nini.

"Alikuwa amekaa, mama," akasema. "Miguu ilikuwa mibovu."